KOMA SI PAMBO LA UKUTA

Katika miji mingi ya majimbo ya Marekani, hata ile ambayo jina lake halisikiki huku kwetu, mna nyumba ya sanaa. Wenyeji wanaipenda, na ni haki yao kuipenda. Humo hutandazwa maonyesho ya picha za wachoraji wa jimbo lile; Jumamosi watoto huitwa kufinyanga udongo na kupaka rangi; jioni wazee huja kusikiliza mhadhara; na mara moja kwa mwaka huwekwa siku ya watu wote, mlango ukawa wazi bila kiingilio, ngoma zikapigwa, chakula kikauzwa uani. Wao husema nyumba ile ni ya jumuiya. Hatuna ugomvi na neno hilo. Laiti kila mji wa kwetu ungekuwa na nyumba ya namna hiyo, mtoto wa mchuuzi wa samaki akaingia bila kuulizwa anatafuta nini.

Ugomvi wetu unaanza mgeni anapofika katika chumba cha Afrika. Mle, katika nyumba zaidi ya moja, ataona nguzo ya mti yenye kichwa cha mviringo, imesimamishwa juu ya chuma, taa ya umeme inaimulika toka juu. Pembeni mna kikaratasi. Kikaratasi huwa kifupi: kabila, nchi, kwamba ni mti, na jina la tajiri aliyeitoa zawadi. Jina la tajiri halikosekani. Jina la marehemu halimo.

Nasi twauliza: ni jumuiya ipi hiyo inayosherehekea, na wenye maiti hawakualikwa?

Kwa wasomaji wetu wa bara, ambao wakisikia kigango hudhani ni lile kanisa dogo la kijijini anakofika padri mara moja kwa mwezi, yafaa tueleze. Kigango cha Wagiriama, na cha baadhi ya ndugu zao katika Mijikenda, ni nguzo ya mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Pengine ina kimo cha mtoto, pengine inampita mtu mzima. Kiwiliwili chake ni bapa, kimechongwa pembetatu pembetatu toka shingoni kwenda chini. Hakisimamishwi kwa kila mtu. Husimamishwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa katika Gohu, chama cha watu wenye mali na heshima, ambacho mtu haingii ila kwa kutoa mali na kulisha watu. Mzee huyo akifa huzikwa kama wengine. Kisha, pengine baada ya miaka, mwanawe huota ndoto: baba amemjia, analalamika, yuko kwenye baridi. Au mtoto anaugua na ugonjwa hauondoki, au mvua inakataa. Akiulizwa mganga hujibu kwamba mzee anataka kigango. Basi fundi huitwa, mti hukatwa, kazi hufanywa kwa desturi yake, na siku ya kusimamisha humwagwa tembo la mnazi, watu wakala, nguzo ikafungwa vitambaa. Tangu siku hiyo mzee yupo pale. Watu hawasemi hii ni sanamu ya mzee. Husema huyu ni mzee.

Na likitokea la kuhama, maana Wagiriama ni wakulima na shamba huchoka, watu huhama, kigango hubaki. Hakihamishwi. Kule waendako wanaweza kusimamisha kingine kidogo, lakini kile cha kwanza hakiguswi. Kitasimama palepale mvua ikinyesha na jua likiwaka, mpaka kimalizike chenyewe.

Hapo ndipo mwizi alipopata mlango. Tangu miaka ya 1970, watalii walipoanza kumiminika pwani na wafanyabiashara wa ng'ambo walipogundua kwamba nguzo hizi zapendeza sebuleni, kijana asiye na kazi akapata kazi. Huenda usiku kwenye boma lililohamwa, akang'oa, akafunga kwenye gunia, akauza Mombasa au Malindi kwa shilingi chache zisizomfikisha mwisho wa mwezi. Mwenye duka akauza kwa bei yake. Mwenye meli akachukua chake. Ikifika California bei imekuwa maelfu ya dola, na mnunuzi ni mtu wa sinema au wakili. Anaisimamisha karibu na ngazi ya nyumba yake, wageni wakaisifu kwenye karamu. Baada ya miaka anaichoka. Anaitoa zawadi kwa nyumba ya sanaa ya jimbo, na sheria ya kodi ya kule humpunguzia kodi mtu atoaye zawadi kama hiyo.

Tuifuate hesabu hii pole pole, wasomaji, kwa kuwa ndani yake mna somo zima la ubepari. Kijana alipata shilingi. Mwenye duka alipata faida. Tajiri alipata sifa, tena akapunguziwa kodi. Nyumba ya sanaa ilipata chumba cha Afrika. Jumuiya ya mji ule ikapata pa kuwapeleka watoto Jumamosi. Na kule Kaloleni mlipatikana shimo.

Twasema Kaloleni kwa sababu kisa kimojawapo kinajulikana mwanzo wake mpaka mwisho wake. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Marekani, Monica Udvardy, aliyekuwa akichunguza habari za Wagiriama, alimpiga picha mzee mmoja wa upande ule amesimama karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda mrefu, vikaibwa vyote viwili. Mzee alimwendea yule mama, akamwomba picha, ili imsaidie kutafuta. Fikirini: mtu amepotelewa na ndugu zake wawili waliokwisha kufa, na silaha yake ya pekee ni picha ya karatasi. Hakuviona tena, alifariki. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika huko Marekani, mtaalamu mwingine, Linda Giles, alikuwa akionyesha picha za vitu vya makumbusho ya chuo kimoja cha jimbo la Illinois. Udvardy akamtambua mmoja wa wale ndugu. Wakaendelea kutafuta, wakampata na wa pili, katika makumbusho ya chuo cha Hampton, jimbo la Virginia.

Hampton ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Kwa hilo tulihuzunika kuliko kukasirika. Watu ambao babu zao walitolewa Afrika kwa minyororo, wakauzwa mnadani, walikuja kuwa na mkusanyo wa vigango karibu 100, nao pengine waliupokea kwa furaha, wakadhani Afrika imewajia. Ilikuwa imewajia kwa njia ileile waliyopelekwa wao. Lakini tuwe waadilifu: walipojua habari za kigango kile, walikitoa. Makumbusho ya Jimbo la Illinois nayo, ambayo ndiyo iliyokuwa imekirithi kile cha kwanza, ilikitoa. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudishwa kijijini kwa jamaa ya yule mzee, ngoma zikapigwa, watu wakala. Hiyo, twasema sisi, ndiyo iliyokuwa sherehe ya jumuiya. Vikasimamishwa tena, na kwa kuogopa mwizi vikazungushiwa vyuma. Ndiyo, marehemu wamerudi kwao wakatiwa nyuma ya nondo. Anayetaka kujua ni jinsi gani tumefikishwa hapa, atazame nondo zile.

Udvardy na Giles, pamoja na ndugu yetu John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa, waliandika mwaka 2003 kwamba walikuwa wamehesabu vigango karibu 300 katika nyumba za makumbusho 19 za Marekani. Hapo hatujahesabu vilivyo majumbani mwa watu, wala vya Ulaya.

Sasa twajua majibu tutakayopewa, maana yamekwisha kutolewa mara nyingi, nayo hutolewa kwa upole sana.

La kwanza ni kwamba vigango vilikuwa vimetelekezwa porini, na kwamba nyumba ya sanaa imeviokoa na mchwa na mvua. Ati vimeokolewa! Makaburini nako hakuna mtu alalaye usiku. Je, makaburi yote ya London yametelekezwa? Jiwe la kaburi la mwanajeshi Mwingereza likiota ukungu, Mgiriama akilichukua kwenda kulisugua na kulisimamisha baraza kwake Ganze, ataitwa mwokozi? Kigango hakikuchongwa kidumu milele. Kimechongwa kisimame mahali pake mpaka wakati wake uishe, kikarudi udongoni kama alivyorudi yule aliyesimamishiwa. Mchwa hawakuwa adui yake. Adui yake ni yule aliyekitia dawa, akakifungia katika chumba chenye hewa baridi ya mashine, kisife wala kisiishi. Kumbukeni kwamba mzee aliomba kigango kwa sababu alikuwa kwenye baridi.

La pili ni kwamba vilinunuliwa kwa fedha halali na hati zipo. Hatuna shaka hati zipo. Hata babu zao wale wa Hampton walikuwa na hati. Mwenye kununua mali ya mwizi hakuwa tajiri wa mali, na kigango hakina muuzaji halali hata mmoja duniani. Mwana hawezi kumuuza baba, ukoo hauwezi, kaya haiwezi. Yeyote aliyeuza alikuwa mwizi au kibaraka wa mwizi. Hakuna wa tatu. Nyumba ya sanaa yenye wataalamu wa kutofautisha rangi ya mwaka huu na ya karne tatu zilizopita ilishindwaje kuuliza swali hili dogo: nani aliuza?

La tatu ndilo zuri kuliko yote, nalo latustahili jibu refu kidogo. Husemwa kwamba kigango kikiwa katika mji wa ng'ambo huwafundisha watu wa kule kuwaheshimu Waafrika. Mtoto wa kizungu anayeletwa na mwalimu wake huona kwamba Afrika ina sanaa. Sisi hatuyadharau maneno haya. Miaka mingi tumetukanwa kwamba hatuna historia wala ufundi, na kila jicho linalofunguka ni faida. Lakini mtoto yule anafundishwa nini hasa? Anafundishwa kwamba nguzo ile ni nzuri. Hafundishwi kwamba ni mtu. Anafundishwa kutazama, halafu anapewa karatasi achore pembetatu, halafu anapewa biskuti. Akirudi nyumbani hajui kwamba amechora kaburi la babu ya mtoto mwingine mwenye umri kama wake, ambaye hata sasa hivi mama yake anadhani homa zisizokwisha pale nyumbani zatokana na shimo lile.

Ikiwa wanataka kweli kufundisha, njia ipo wala si ghali. Mafundi wangali hai. Waandike barua, walete nauli, wamwite mchongaji wa Kigiriama aje achonge mbele ya watoto hao uani, kwa patasi yake, kwa ujira wake wa haki. Nguzo hiyo haitakuwa na koma ndani yake, kwa kuwa haikusimamishiwa mtu; ni ufundi mtupu, na ufundi twauza, tena twaona fahari kuuza. Mchongaji atawaambia kwa kinywa chake nini maana yake na nini hakichongwi kwa fedha. Hapo maonyesho yatakuwa na mtu. Mpaka sasa wamependa mti, wakamwogopa mchongaji.

Wala wasituambie kwamba jambo hili ni geni kwao na lahitaji kufikiriwa kwa miaka. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwarudishia wenyeji asilia wa nchi ile mifupa ya wazee wao na vitu vyao vya ibada vilivyokuwa katika makumbusho. Tangu hapo wakurugenzi wa nyumba hizo wamejifunza kuuliza, kuandika barua kwa makabila, kupokea wajumbe, kufungua makabati. Kazi wanaijua. Sheria ile haimgusi mgeni wa ng'ambo, hiyo ni kweli. Lakini mtu aliyekwisha kujua kwamba kushika mfupa wa babu ya mwenzake ni vibaya akiwa Arizona, hawezi kudai kwamba hajui akiambiwa habari za Kilifi. Makumbusho ya mji wa Denver, katika Colorado, walilikubali jambo hili wenyewe. Walikuwa na vigango 30 walivyopewa zawadi. Mwaka 2014 walitangaza kwamba watavirudisha, na mwaka 2019 vikafika Kenya. Mwaka 2022 Makumbusho ya Jimbo la Illinois wakatoa vingine 37. Hakuna aliyeona nyumba zile zikianguka kwa kukosa nguzo hizo. Watoto wangali wanakuja Jumamosi.

Basi ikiwa wageni wanaanza kuona haya, sisi je?

Hapa twageukia kwetu, na atakayekasirika na akasirike. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, kwa sababu Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wamewatia Wagiriama moyo wa kukataa kodi na kazi ya kulazimishwa. Mkoloni alijua pa kupiga. Alijua kwamba ukitaka kumwondoa mtu kwenye ardhi yake, mwondolee kwanza wafu wake. Yeye alitumia baruti. Lakini vigango havikung'olewa na Mwingereza mwenye kofia ya mkonge. Viling'olewa baada ya uhuru, bendera yetu ikipepea, na vijana wetu, wakauziwa watu wenye maduka yenye leseni za Serikali yetu, vikapita katika bandari yetu. Aliyeandika juu ya sanduku "vinyago vya watalii" alikuwa Mkenya, na aliyegonga muhuri alikuwa Mkenya mwenzake.

Hatuwezi kuyaficha haya kisha tukawapigia kelele Wamarekani. Tena wako miongoni mwetu wahubiri wanaosema vigango ni mashetani na bora vichomwe, na wako wasomi wanaosema ni mambo ya ushamba. Hatuandiki haya ili kumrudisha mtu kwenye tambiko asilolitaka. Katika chama chetu wamo Waislamu, wamo Wakristo, wamo wazee wa kaya, na kila mmoja atajibu mbele ya Mola wake. Twasema jambo dogo tu: Mwislamu hakubali kaburi la baba yake lichimbwe, na Mkristo hakubali msalaba wa mama yake uuzwe. Basi wasimkubalie mwizi amfanyie jirani yao lile wasilolitaka wao.

Tena tunao msiba mwingine uliofanana na huu. Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na ngoma yao kubwa, Ngadji, ambayo sauti yake ilikuwa ndiyo amri. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London. Humo imekaa zaidi ya miaka 100, tena stoo. Haipigwi, wala haionyeshwi. Hao wa nyumba za sanaa za Marekani angalau huviwasha taa vitu walivyonavyo! London huchukua ngoma ya watu ikaiweka gizani, ikafunga mlango.

Na sasa habari ya makumbusho yetu wenyewe huku pwani. Ngome ya Mombasa ilijengwa na Wareno toka mwaka 1593. Waingereza wakaifanya jela toka 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Waliokuwa wakiingia kwa pingu sasa wanaingia kwa tikiti, na hayo ni maendeleo. Lakini ulizeni katika mitaa ya Kisauni na Likoni ni mama wangapi wamewahi kuingia. Wataambia: ile ni ya wageni. Sikuu zetu za utamaduni nazo, zile zinazoandaliwa kwa mabango na mahema, wengi wetu tumeziona. Wazee hubebwa kwa lori alfajiri toka vijijini, wamevaa hando na mishanga, wakakaa juani. Mgeni wa heshima anachelewa saa tatu. Akifika anasomewa risala, wazee wanacheza kwa dakika kumi, yeye anapiga picha nao, anaondoka na msafara. Wazee wanapewa soda na mkate, lori linawarudisha. Kesho yake gazeti husema jumuiya ilishiriki kikamilifu. Kuna tofauti gani kati ya mzee huyu na kile kigango kilicho chini ya taa? Tofauti ni kwamba huyu huona kiu.

Hatusemi kwamba haiwezekani kufanya vema. Lamu wanafanya. Siku za tamasha lao, mbio za punda zinapita mbele ya gati, majahazi yanashindana, vijana wanashindana kushona kofia na wazee kucheza bao, wala hakuna anayehitaji kubebwa kwa lori kwa sababu jambo lenyewe ni lao. Mgeni akija ni mgeni, asipokuja punda watakimbia vilevile. Na siwa zao, ile ya pembe na ile ya shaba, zimekaa katika makumbusho ya Lamu kwenyewe, mahali ambapo mtoto wa Lamu huambiwa na bibi yake ilivulizwa lini na kwa nani. Hatukusikia mtu akidai zipelekwe mji mkuu ili zipate kuheshimiwa.

Hilo ndilo tunalolitaka kwa vigango. Vilivyorudi vilipokewa na Makumbusho ya Taifa, na twashukuru kwamba vipo nchini. Lakini Nairobi si Giriama. Kigango kilichotoka kwenye chumba cha Denver kikaingia kwenye chumba cha Nairobi kimebadilisha kabati, hakijafika nyumbani. Tunajua shida ilipo: wezi na wafanyabiashara walifuta njia, hivyo vingi havijulikani vimetoka boma lipi, na wako wazee wanaoogopa, kwa haki, kupokea marehemu wa watu wengine. Shida hiyo ni ya kweli. Dawa yake si kuviacha stoo mpaka wazee wanaojua wafe. Wanakufa. Kila mwaka unaopita, yule aliyekuwapo siku ya kusimamisha, aliyemwona fundi, anayekumbuka alama iliyochongwa mkono wa kushoto, anapungua.

Kwa hiyo twadai mambo haya, tena twayadai kwa sauti moja. Nyumba za sanaa za Marekani ambazo bado zina vigango ziviondoe chini ya taa leo, kabla hata ya kukubaliana siku ya kusafirisha. Siku ya watu wote inaweza kufanyika bila wafu wetu. Zilete picha za kila kimoja pamoja na hati zile wanazojivunia, jina la aliyeuza na tarehe aliyouza, maana hati iliyotumika kumficha mwizi yaweza kutumika kuligundua boma. Gharama ya kurudisha ibebwe na aliyefaidika. Hazina yetu nayo isithubutu kumtoza ushuru babu ya mtu anaporudi kwao, kana kwamba ni friji. Na mahali pa kufikia pawe Kilifi, si Nairobi, katika nyumba itakayojengwa kwa shauri la wazee, ambamo visivyojulikana vitangoja kutambuliwa, na watu wa vijijini waingie bure, mchana na jioni, wakivitazama na kuulizana: huyu si wa kwa nani?

Serikali ikisema haina fedha, tutaikumbusha fedha inazopata kwa watalii hao hao.

Lakini nyumba haitafaa kitu kama hatuna majina. Kazi hiyo ni yetu wanachama, haingoji Bunge. Makatibu wa matawi ya Kaloleni, Ganze, Magarini, Malindi na Rabai wanaombwa waanze mwezi huu. Asiyejua kuandika aandikiwe na kijana wake. Na yule kijana aliyewahi kung'oa, akija kusema aling'oa wapi na alimuuzia nani, asipigwe, maana ushahidi wake twauhitaji kuliko machozi yake. Fomu haina haja, karatasi ya daftari la shule yatosha: jina la marehemu, jina la baba yake, mbari yake, mahali shimo lilipo, jina la fundi kama lakumbukwa, na mwaka ambao kigango kilionekana mara ya mwisho. Ikiwapo picha, usiiache ofisini. Ilete ionekane, kisha urudi nayo nyumbani.